Jina la Mtoto katika Daftari la Chanjo



Juma hili najibu swali la mama mmoja mwenye watoto wanne, aliyehama na jamaa yake kutoka milima ya Masisi kwa sababu ya vita. Ametuandikia kwamba alimpeleka mtoto wake mdogo kuchanjwa surua, na mtoto alichanjwa vema. Lakini kabla ya sindano, karani alimwuliza jina la baba wa mtoto, kijiji walikotoka, mahali wanapolala sasa, na namba ya simu. Mama akajibu yote, na karani akayakariri kwa sauti kubwa huku akiyaandika, na watu waliopanga mstari nyuma wakasikia kila neno. Mama anauliza: “Nilikubali mtoto wangu achanjwe. Je, nilikubali pia hayo mengine?”

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Aghalabu tukisikia habari za ridhaa na chanjo, twawafikiria mara moja wale wanaoikataa sindano, na mabishano yao tumekwisha kuyachoka. Mama huyu haikatai sindano. Alitembea saa mbili kuifuata. Yeye anauliza habari ya kalamu. Nami nasema kwamba ana haki ya kuuliza, kwa maana kukubali sindano ni jambo moja, na kukubali kila kinachoandikwa kwa ajili ya sindano ni jambo jingine. Mtu aliyesema “ndiyo” kwa la kwanza hajasema bado lolote juu ya la pili.

Tuanze na kazi ya daftari lenyewe, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kusema kama kimezidi au kimepungua.

Mtoto akizaliwa katika nchi yetu hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Atimizapo majuma 6, kisha 10, kisha 14, hurudishwa kwa sindano za kuzuia dondakoo, pepopunda, kifaduro na magonjwa mengine. Akifika miezi 9 huchanjwa surua na homa ya manjano. Mambo haya huandikwa mahali pawili. Pa kwanza ni kadi anayoishika mama. Pa pili ni daftari kubwa la kituo cha afya, lenye jina la mtoto, jina la mzazi, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, na tarehe ya kila chanjo. Halafu ipo karatasi ya tatu, ambayo wazazi wengi hawaijui. Karatasi hii haina majina. Mwuguzi huchora kijistari kimoja kwa kila mtoto aliyechanjwa, mwisho wa mwezi huvihesabu vijistari vyake, na hesabu hiyo, kwa utaratibu wa Serikali, hupelekwa katika ofisi ya zoni ya afya, iwe Mweso au Katoyi, Pinga au Kibua. Huko huingizwa katika kompyuta, ikaunganishwa na hesabu za zoni nyingine, hata kufika Kinshasa.

Angalieni basi. Wakubwa wa Kinshasa wakitaka kujua watoto wangapi wa Walikale wamechanjwa surua mwezi fulani, hawahitaji jina la hata mtoto mmoja. Vijistari vyawatosha. Anayehitaji jina ni mwuguzi wa kijijini, ili ajue kwamba mtoto fulani alikuja mara ya kwanza na ya pili, asionekane mara ya tatu, akamtume mtu kumtafuta. Hii ni sababu njema kabisa. Surua iliyoenea katika Kongo mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Katika vifo hivyo walikuwamo watoto ambao hakuna aliyejua kwamba hawajachanjwa. Kwa hiyo mzazi asikimbilie kusema “futeni daftari”. Daftari bila jina ni kama shule isiyoita majina asubuhi: mwalimu atajua viti vingapi ni vitupu, lakini hatajua amtafute nani.

Wazee wetu hawakuhitaji kadi. Walionyesha kovu mkononi, nalo lilikuwa ushahidi kwamba wamechanjwa ndui. Ugonjwa huo ulitoweka katika nchi yetu mwaka 1971, na mwaka 1980 Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza kwamba umetoweka duniani kote. Sisemi kwamba zamani watu walitendewa kwa heshima zaidi. La hasha. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mtu wa nchi zenye malale alitakiwa kuwa na pasi ya mganga ndipo asafiri; watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo kutafuta uvimbe, wakachomwa sindano, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Walakini kovu lilikuwa na sifa moja: halikumwambia mtu yeyote jina la baba yako wala kijiji chako.

Sasa tuitazame ridhaa yenyewe.

Msomaji atauliza: mbona siku nyingine twatiwa sahihi na siku nyingine hatutiwi? Jibu ni hili. Kwa chanjo za kawaida za watoto, mzazi anayemleta mtoto na kumpakata mbele ya mwuguzi huhesabiwa kuwa amekubali, mradi ameelezwa ni chanjo gani na inaweza kuleta maumivu gani. Lakini dawa ikiwa bado inachunguzwa, sheria ya waganga ni kali zaidi, na ridhaa yapasa kuandikwa. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Mangina na Beni, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Mwezi wa Agosti 2019 ulifika hata Pinga, katika wilaya ya Walikale. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Chanjo ile ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba yafaa, lakini ilikuwa haijapata kibali cha kutumiwa kama dawa ya kawaida. Kibali cha Ulaya na cha Marekani kilikuja Novemba na Desemba 2019, na cha nchi yetu mwanzo wa 2020. Kwa sababu hiyo aliyetaka kuchanjwa alipaswa kwanza kuelezwa yaliyo katika karatasi, kuuliza maswali, na kutia sahihi au alama ya kidole.

Nasema “kuelezwa”, wala si “kusomewa”. Karatasi ikisomwa kwa Kifaransa mbele ya mzee wa Kinyanga, na mzee akaweka kidole, karani amepata alama ya kidole, ridhaa hajaipata. Ridhaa yataka lugha ambayo mtu huiota usiku, iwe Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kikumu au Kiswahili chetu. Yataka pia shahidi asiye karani, kwa yule asiyejua kusoma. Tena yataka jambo la tatu, ambalo ni gumu kuliko yote mahali penye njaa: mtu aweze kukataa asipoteze kitu kingine. Mama akidhani kwamba asipokubali hataandikwa katika orodha ya unga na mafuta, basi “ndiyo” yake imenunuliwa. Siwalaumu wauguzi kwa hili. Mara nyingi hakuna aliyemtisha mama huyo. Ameona tu meza mbili karibu karibu, ya chanjo na ya chakula, akaunganisha mwenyewe.

Sasa kuna jambo katika njia ile ya kuchanja Ebola linalotufundisha mengi juu ya kalamu. Hawakuchanja kila mtu. Mgonjwa mmoja alipopatikana, waliandikwa wote waliokaa naye, waliokula naye, waliomwuguza na waliomwosha. Kisha wakaandikwa waliokaa na hao. Watu hao ndio waliochanjwa, ili ugonjwa uzungukwe kama moto wa porini unavyozungukwa kwa njia iliyofyekwa. Orodha ile ilikuwa dawa kama sindano yenyewe, maana bila orodha sindano isingejua iende wapi. Lakini fikirini orodha hiyo yasema nini kwa mtu mwingine anayeisoma. Yasema nani hulala nyumba ipi, nani humtembelea nani, nani alikuwapo usiku ule. Mambo ambayo jirani huyajua kwa kukisia, orodha huyasema wazi.

Tena kulikuwa na suala la wenye mimba. Mwanzoni chanjo ile haikutolewa kwao. Mwaka 2019 ndipo waliporuhusiwa. Mwazie binti aliyesimama katika mstari pamoja na shangazi zake na majirani, akaulizwa mbele yao kama ana mimba, akajibu kwa sauti ndogo, akaondolewa mstarini. Karani hakutoa siri kwa mtu yeyote. Hata hivyo mstari mzima umekwisha kuelewa, na jioni habari iko kisimani. Kosa hapa si la daftari, ni la mahali palipowekwa meza.

Vivyo hivyo na ugonjwa wa mpox. Chanjo yake ilianza kutolewa mjini Goma tarehe 5 Oktoba 2024, na katika Kongo waliotangulizwa ni waliogusana na wagonjwa, wahudumu wa afya, na watu wengine walio katika hatari kubwa, wakiwamo wanawake wanaouza miili yao. Ni haki kabisa kuwakinga hao, nao ni watu wenye roho na jamaa kama sisi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo jina lililoandikwa katika ukurasa ule huanza kuzungumza. Anayelisoma atajiuliza: huyu aliandikwa kwa sababu gani? Mtu aweza kuwa alichanjwa kwa kuwa alimwuguza dada yake, na kijiji kikamhukumu kwa jambo asilolitenda. Nafasi iliyo mbele ya jina katika daftari, ile ya kuandika sababu, ndiyo nafasi yenye hatari kuliko zote.

Hayo yangeweza kusemwa juu ya mahali popote. Sasa niseme la kwetu.

Watu wa Masisi na Walikale hawakuanza jana kuogopa orodha. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 Wabelgiji waliwaleta watu wengi kutoka Rwanda wakawakalishe Masisi, na tangu hapo swali la nani aliandikwa lini, na kama nani, halijalala. Mwaka 1991 Serikali ya Zaire ilipotuma makarani kuandika nani ni raia, kazi hiyo ilizusha fujo katika Masisi. Machi 1993 vita vikaanzia katika soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, vikaenea Masisi yote, na watu maelfu wakafa. Sitaki kufufua madai ya upande wowote. Nataka tu mganga kijana anayetoka Kinshasa au nchi za mbali aelewe kwamba akifungua daftari kijijini na kuuliza “jina la baba, kijiji cha asili”, huenda yeye anafikiria surua, na mzee aliye mbele yake anafikiria 1993. Kwetu jina si neno tu. Kwa jina na kijiji, msomaji hukisia kabila, na kwa kabila watu wameuawa.

Tena daftari halina miguu. Mji wa Masisi uliingia mikononi mwa kundi la M23 tarehe 4 Januari 2025, na Walikale tarehe 19 Machi 2025, kisha kundi hilo likaondoka Walikale mwanzo wa Aprili. Kabla ya hapo na baada yake, vijiji vingi vya wilaya hizi vimebadilisha wenye silaha mara nyingi kuliko vilivyobadilisha wakuu wa shule. Katika kukimbia huko mwuguzi huchukua mtoto wake na godoro. Ni nani atakumbuka kabati? Daftari lililoandikwa kwa ajili ya Serikali moja hubaki mezani likimngojea yeyote aingiaye. Sidai kwamba kuna mtu aliyetumia daftari la chanjo kwa ubaya mahali fulani. Nasema kwamba mzazi aliyekwisha kuona nyumba yake ikichomwa hahitaji kungoja litokee ndipo aogope, na woga wake si ujinga wa kufundishwa na mabango.

Pengine mganga mmoja atanijibu: “Mwalimu, ukiwafundisha watu siri, ugonjwa utatushinda. Wakati wa tauni hakuna siri.” Nalijibu neno hilo kwa jambo lililotokea. Mwezi wa Julai 2019 msafiri mmoja mwenye Ebola alitoka Butembo kwa basi mpaka Goma. Njiani alipita vituo vitatu vya kupimia afya, na Wizara ya Afya ilitangaza yenyewe kwamba inaonekana alitaka kujificha, maana katika orodha za wasafiri alijiandikisha kwa majina mbalimbali. Orodha zilikuwapo. Kalamu na makarani walikuwapo. Ila mtu aliogopa orodha, na orodha ya mtu mwenye woga ni karatasi tupu hata ikijaa majina. Basi tuulizane: ni kipi kilichohatarisha watu, siri au woga? Mtu anayeamini kwamba jina lake litalindwa hulitaja. Kwa hiyo kulinda siri ni sehemu ya kuzuia ugonjwa, kama vile kunawa mikono.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Kongo peke yake. Nchini Kenya, Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wenye virusi vya ukimwi pamoja na wazazi wao. Nia ilikuwa njema: kupeleka dawa na chakula. Walakini wazazi na vyama vya kutetea haki walikwenda mahakamani, na tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya watoto ya kutunziwa siri zao. Majina yaliyokwisha kuandikwa yakaamriwa yahifadhiwe kwa alama, yasiweze kuunganishwa na mtoto fulani. Nawaomba mwone busara ya hukumu hiyo. Mahakama haikusema watoto wasipewe dawa, wala kwamba Serikali isihesabu. Ilisema kwamba hesabu na jina ni vitu viwili, navyo vyaweza kutenganishwa.

Je, sheria zetu zasemaje? Sisi wa Kivu tumezoea kusema kwamba sheria zakaa Kinshasa. Lakini ni vema kuzijua. Sheria ya jinai tuliyorithi, ya tarehe 30 Januari 1940, humwadhibu kwa kifungo mtu ambaye kazi yake humpa siri za wengine, naye akazitoa bila kulazimishwa na sheria. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018 yazungumza juu ya haki za mgonjwa, ya kuelezwa na ya kukubali. Na Serikali ilipotoa sheria kubwa ya mambo ya kompyuta na simu, tarehe 13 Machi 2023, iliweka humo ulinzi wa habari za watu, na habari za afya zikahesabiwa katika zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Kwa hiyo mama aliyetuandikia haombi fadhili. Anauliza habari ya kitu kilicho chake.

Naona ni vema niseme neno juu ya kompyuta, maana vijana wanaosoma ukurasa huu wataziona zaidi kuliko mimi. Siku hizi zipo njia za kumtambua mtu bila kuuliza jina lake hata kidogo. Huko Boende, katika jimbo la Tshuapa, wahudumu wa afya walioshiriki katika uchunguzi wa chanjo nyingine ya Ebola walipigwa picha ya jicho kwa chombo maalum, ili yule yule aliyepata sindano ya kwanza atambuliwe anaporudi kwa ya pili baada ya siku 56. Waliombwa ridhaa yao kwa jambo hilo, na wengi walikubali. Ni njia ya akili, hasa mahali ambapo watu watatu wana jina moja. Hata hivyo iko tofauti moja. Kadi ikipotea huandikwa nyingine. Jina, kwa shida, laweza kubadilishwa. Jicho halibadilishwi. Kadiri alama inavyozidi kushikamana na mwili wa mtu, ndivyo inavyopasa kuulizwa kwa uzito zaidi: picha hii itakaa wapi, kwa muda gani, na nani atakayeifuta? Kitabu kilichofungwa kabatini Nyabiondo huonwa na watu watatu. Kilichoingizwa katika kompyuta chaweza kuonwa na watu wasiojua Nyabiondo ni wapi.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza asitoe jina la uongo. Najua wapo wanaofanya hivyo, nami naelewa kwa nini. Lakini mtoto aliyechanjwa kwa jina lisilo lake hupotea katika daftari. Mwuguzi akimtafuta hatampata, na akihamia kambi nyingine atachomwa sindano zile zile upya. Ni afadhali kusema wazi: “Jina la mtoto nitalitaja, tarehe yake nitaitaja. Namba ya simu ya baba sipendi iandikwe.” Mwuguzi mwema atauacha mraba ule mtupu, na mtoto atachanjwa vile vile, kwa maana hakuna ugonjwa unaozuiwa na namba ya simu. Aulize pia, kwa adabu, kazi ya swali analoulizwa. Swali lenye kazi lina jibu fupi: “Nauliza kijiji ili tujue wapi watoto hawajafikiwa.” Kama mwulizaji mwenyewe hajui kwa nini anauliza, huenda swali hilo liliingia katika karatasi kwa mazoea tu.

Nanyi wauguzi, ambao najua mnachanja akina mama mia kwa siku na mshahara haujafika, sitawaongezea mzigo mkubwa. Sogezeni meza hatua tano kutoka mstarini. Msikariri majibu kwa sauti. Wekeni karatasi juu ya mistari ya waliotangulia, maana anayetia sahihi leo husoma kwa urahisi majina kumi ya jana. Funguo ya kabati ikae kwa mtu mmoja anayejulikana. Na tukisikia milio, kama kuna nafasi ya kuchukua kitu kimoja cha kituo, kiwe daftari; dawa Serikali au mashirika watazileta tena.

Sisi walimu pia tumo. Kampeni ya chanjo ikifika shuleni, mara nyingi mwalimu ndiye anayegeuzwa karani. Huagizwa kuandika majina ya darasa, na huyaandika ubaoni kwa sababu daftari limekwisha. Hapo kila mtoto huona nani hakuletewa kadi, nani mzazi wake amekataa, nani ameandikwa “mgonjwa”. Watoto wana ukatili wao, na majina ya utani hutokea siku hiyo hiyo. Ridhaa ya mtoto mdogo hutolewa na mzazi, si na mwalimu, hata kama mwalimu anapendwa. Barua ndogo ipelekwe nyumbani siku tatu kabla, kwa lugha inayosomeka, nayo iseme ni chanjo gani, nani anaitoa, na ni mambo gani yataandikwa. Mzazi asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake mwenyewe. Ndiyo faida moja ya kumpeleka mtoto shuleni.

Kadi zinazoletwa wakati wa kuandikisha wanafunzi zitazamwe mbele ya mzazi, tarehe ya kuzaliwa inakiliwe kama inahitajika, kisha zirudishwe mkononi mwake saa ile ile. Nimeona shule zinazozifungia kadi ofisini mwaka mzima. Vita vikija, mtoto hukimbia bila kadi, na huko aendako huanza upya kama mtu asiyepata kuchanjwa kamwe.